Sinema ya uani Bamburi: picha imefifia, kusi linapeperusha shuka, sauti inachelewa

mama_uani (Bamburi, Mombasa)

Assalaam aleikum mabingwa. Nataka sinema ya uani kila Jumamosi: watoto 12 mikekani, wakubwa 6 vitini. Kila kitu kiwe cha kubebeka, kisimamishwe jioni na kirudi ndani usiku huohuo. Ua ni mita 9 kwa 7, ukuta wa mawe upande wa bahari, nyumba upande wa pili.

Vilivyopo: projekta ndogo ya LED (boksi linasema lumeni 9,000), shuka jeupe la futi 6 kwa 6 kwenye kamba ya kuanikia nguo, na spika moja ya Bluetooth. Saa 1 na nusu usiku picha bado imefifia, shuka linapepea kama tanga, na midomo inatangulia sauti. Nianze kubadilisha kipi? Na stima ikipotea katikati ya filamu?

lenzi_tudor

Waaleikum salaam dada. Projekta nyingine usinunue kwanza. Hiyo 9,000 ni hesabu ya boksi. Namba ya kuamini ni ile inayoandikwa ANSI, yaani mwanga uliopimwa kwa njia sanifu, na projekta ndogo za LED zikipimwa kwa njia hiyo huangukia kwenye mamia. Geuza yako usome kibandiko: kama inakula wati 60, lumeni 9,000 zitoke wapi? LED nzuri hutoa lumeni 100 hadi 150 hivi kwa kila wati, kisha paneli (kioo kidogo cha ndani kinachochora picha) na lenzi humeza sehemu kubwa kabla mwanga haujatoka nje.

Tuseme inatoa 200. Picha ya inchi 100, kona hadi kona, ni mita 2.21 kwa 1.25, gawanya lumeni kwa eneo, unapata laksi 72 (lumeni kwa kila mita ya mraba). Picha ya inchi 80 ni mita 1.77 kwa 1.00, unapata laksi 113. Umeongeza ukali kwa zaidi ya nusu bila kutoa hata shilingi. Shuka lako lina upana wa mita 1.83, kwa hiyo inchi 80 ndiyo saizi yake hasa.

Mbingu nayo usiilaumu. Hapa kwetu jua likishatua, dakika 45 hadi 50 baadaye giza limekamilika, miezi yote. Saa 1 na nusu kumeshakuwa giza totoro. Kinachoharibu ni taa ya usalama, yako au ya jirani. Taa inayomwaga laksi 10 tu juu ya kitambaa inageuza kila cheusi kuwa kijivu, na picha yako ya laksi 72 inabaki kali mara 8 tu kuliko "weusi" wake. Simama mgongo wako ukiwa kwenye shuka, utazame mbele: kila taa unayoiona kwa macho inaliona shuka pia. Izime, ifunike kwa bati, au geuza upande. Mwezi mpevu haufiki hata laksi moja, usikusumbue.

Masafa ya projekta usiyabahatishe. Iweke mita 2 kutoka ukutani, pima upana wa picha, gawanya masafa kwa upana huo. Ikitoa picha ya mita 1.6, uwiano ni 1.25, basi kwa upana wa mita 1.77 itasimama mita 2.2 kutoka kwenye skrini. Hapo ni katikati ya watoto, ndiyo. Iweke juu ya kigoda au meza fupi, panga mikeka kushoto na kulia, na acha ujia wa mita moja katikati asipite mtu. Ukingo wa chini wa picha uwe sentimita 80 kutoka ardhini.

Jambo la mwisho: usinyooshe picha kwa kitufe cha kurekebisha pembe. Kinafinya picha ndani ya paneli, kwa hiyo unapoteza vitone na mwanga, na pembeni inabaki mipaka ya kijivu. Inua au shusha projekta yenyewe mpaka lenzi itazame skrini sawasawa.

kamba_na_turubai (Likoni)

Lenzi kasema kweli kuhusu mwanga, ila kuhusu shuka simfuati. Shuka la kitanda linapitisha mwanga. Nenda nyuma yake filamu ikiendelea, utaiona yote kule, imepinduka. Mwanga huo umeulipia na umeupoteza. Merikani nayo ni hivyohivyo, na juu yake ina unjano.

Nenda kwa wanaochapisha mabango, uombe bana (turubai la plastiki la mabango) tupu isiyochapishwa, upande usiong'aa, wakukatie mita 2 kwa 1.25. Hiyo inabakisha sentimita 10 na kitu kila upande wa picha ya inchi 80. Waipige matundu yenye pete za chuma kila sentimita 30 pande zote nne. Inayong'aa usichukue: itarudisha nukta kali ya lenzi machoni mwa anayekaa katikati. Wakati wa kuihifadhi viringisha kwenye paipu, usikunje, mkunjo wa bana hautoki. Na kama lazima ubaki na shuka, shona kitambaa cheusi nyuma, Biashara Street kimejaa. Mwanga uliopenya hakitakurudishia, lakini kitazuia taa za nyuma.

Sasa upepo. Ukuta wako wa upande wa bahari una urefu gani? Kama ni mita 2 au zaidi, maneno yameisha: tundika bana juu ya ukuta wenyewe, upande wa ndani. Kusi linapita juu, na kitambaa kilicholala ukutani hakina nafasi ya kuwa tanga.

mama_uani

Ahsanteni. Ukuta ni mita 1.6 tu, na mwenye nyumba hataki misumari. Itabidi isimame yenyewe.

kamba_na_turubai (Likoni)

Basi fremu. Boriti 2 za mita 2.5, au paipu za GI (chuma chenye zinki) za inchi 1 ukitaka zinazofunguka kwa elbo (viungo vya kona), na mti mmoja wa kulala juu, mita 2.3. Paipu za plastiki nyembamba zinapinda katikati, picha inatabasamu.

Bana usiikaze kwa kamba ngumu. Tumia vipande vya tyubu ya baiskeli, kimoja kila tundu. Upepo ukipiga, mpira unavutika na kurudi. Kamba ya nailoni haina huruma, inang'oa pete kwenye bana.

Hesabu yake ni hii. Upepo wa mita 8 kwa sekunde ukipiga bana hiyo ya mita za mraba 2.5 uso kwa uso unaisukuma kama kwa kilo 11 au 12. Si nyingi. Lakini nguvu hupanda kwa mraba wa kasi: dhoruba fupi ya mita 12 ni mara 2 na robo, na ndiyo inayoangusha. Kwa hiyo kamba 4, mbili mbele na mbili nyuma, zishuke kwa pembe ya digrii 45 hivi, na kila moja ifungwe kwenye mitungi 2 ya lita 20 iliyojaa maji. Mmoja unatosha upepo ukiwa wa mfululizo. Ukipiga kwa vishindo, kamba inauinua kidogo, msuguano unapungua, mtungi unateleza. Vigingi vifupi vya hema kwenye mchanga wetu usivitegemee kabisa. Kamba zifunge vitambaa vyeupe, watoto watazipiga teke gizani.

La maana kuliko yote ni mwelekeo. Kusi linatoka kusini-mashariki. Simamisha fremu ubavu wake uelekee huko, upepo uteleze kwenye uso badala ya kuupiga. Disemba hadi Machi kaskazi linatoka kaskazini-mashariki, basi unageuza. Alasiri ndipo pepo za bahari zinapochacha, usiku hutulia, kwa hiyo fremu isimame mapema na bana ipande mwisho. Matawi yakianza kuyumba yote, teremsha bana tu, fremu iache. Na kwenye mnazi usifunge kitu wala usiketishe mtu chini yake.

waya_kisauni

Mimi nasemea sauti na stima.

Sauti inachelewa kwa sababu Bluetooth inaifunga, inairusha, kisha inaifungua upya, na kazi hiyo inakula milisekunde 100 hadi 300. Dawa ni waya: kutoka tundu la sauti la projekta, pini ya milimita 3.5, mpaka kwenye spika. Kama spika haina tundu na unacheza filamu kwenye kompyuta kwa programu ya VLC, bonyeza herufi J. Kila bonyezo linaleta sauti mbele milisekunde 50. Bonyeza 3 au 4, tazama midomo, rekebisha.

Spika moja kubwa nyuma ya watu ni makosa. Nje hakuna kuta za kurudisha sauti, na kila ukiongeza umbali mara mbili unapoteza desibeli 6. Weka ndogo mbili, moja kila upande wa skrini, juu ya viti, ziinamie mikeka. Hapo unashusha sauti na kila mtu anasikia. Kanuni za kelele za Kenya za 2009 zinahesabu usiku kuanzia saa 2 na dakika 1, na kiwango cha nje kwenye makaazi ni desibeli 35, yaani chini ya mazungumzo ya kawaida. Tembea hadi mpakani filamu ikiwa kwenye kelele zake. Ukiyasikia maneno, punguza besi kwanza, ndiyo inayovuka ukuta. Anzeni baada ya sala ya isha, saa 2 hivi, ili filamu isigongane na adhana.

Stima: waya wa nje uwe wa nyuzi tatu, milimita za mraba 1.5, usio na maungio ya tepu, na soketi unayochomeka iwe na swichi ya kukata mkondo unaovuja, ya miliampia 30. Waya wa kwenye gurudumu ukunjue wote, ukibaki umeviringwa unapata moto. Vichwa vya ekstensheni vipande juu ya tofali, umande wetu si wa mchezo.

Ila kwa ua wako mimi ningeachana na waya huo kabisa. Anza filamu ukiwa kwenye betri. Betri ya asidi ya volti 12, ampia-saa 100, ina wati-saa 1,200. Tumia nusu tu isife mapema, toa asilimia 15 za inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa soketi), unabaki na 510. Projekta ya wati 60 na spika za wati 30 ni 90: zaidi ya saa 5. Hata siku ukinunua projekta ya ANSI 500 inayokula wati 120, bado una saa 3. Stima ikipotea mtaani, wewe huna habari. Shida ni uzito, kilo 30 hivi. Ya lithiamu ya ukubwa huo ni chini ya nusu, na unaweza kuitumia karibu yote, lakini bei si ndugu yako. Inveta iwe ya mawimbi safi, zile za bei rahisi zinaleta mvumo kwenye spika. Betri ya asidi isichajiwe chumba kilichofungwa, inatoa gesi ya haidrojeni.

lenzi_tudor

Naongeza kuhusu faili. Filamu pakueni mapema kwenye flashi, maana intaneti ya ndani ikivuka ukuta wa nyumba inachoka. Flashi iliyopangwa kwa mfumo wa faili wa FAT32 haipokei faili la zaidi ya gigabaiti 4, ipange upya kwa exFAT, baada ya kuhakikisha projekta inaisoma. Ukirusha skrini ya simu kutoka kwenye huduma ya kulipia ukapata sauti bila picha, simu haijaharibika: ni kinga ya kunakili.

mama_uani

Nimeelewa. Swali la mwisho: mbu na kumbikumbi, na je, majirani wakichangia hela kidogo?

waya_kisauni

Hela ndiyo inayobadilisha mambo. Familia na wageni wako ni sinema ya nyumbani. Ukianza kutoza kiingilio hayo ni maonyesho ya umma, na kuna leseni ya Kenya Film Classification Board (bodi ya serikali ya filamu) chini ya Sura ya 222 ya sheria za Kenya, pamoja na ruhusa ya mwenye filamu. Wachangie biriani.

kamba_na_turubai (Likoni)

Yakhe, kumbikumbi wanafuata mwanga mkali kuliko wote, na huo ni lenzi. Wawekee taa nyeupe yao upande wa pili wa nyumba, isiyoonekana kutoka kwenye skrini, uiwashe nusu saa kabla. Dawa ya mbu ya kuchoma iwe nyuma ya watu. Moshi ukipita mbele ya lenzi utaona mshale wa mwanga hewani, na picha inapauka.

Projekta ikitoka chumba chenye kipoza hewa, iache nje dakika 30 ndani ya mfuko wake kabla ya kuiwasha, la sivyo lenzi inatoka jasho. Ukimaliza, acha feni izunguke mpaka isimame yenyewe, kisha ifunge kwenye kontena la plastiki pamoja na vile vipakiti vya kufyonza unyevu. Pini za HDMI (waya wa picha) na za sauti zipanguse kwa kitambaa kikavu kila mara, chumvi ya Bamburi inazila taratibu, na siku utakaposikia sauti inakatika-katika anza kukagua hapo kabla hujalaumu spika.