Kompyuta ya nyumbani imekuwa nzito, C imejaa hadi nyekundu, fundi anataka kupiga window upya. Nifute nini bila kuharibu?

mama_wawili_moro

Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada kuhusu kompyuta yetu ya nyumbani, ni desktop ya mtumba tulichukua ili watoto wasomee na mimi niandikie oda na risiti za biashara yangu ya mapambo ya sherehe. Ina Windows 10, ram 4GB, hadidiski 500GB imegawanywa C na D. Siku hizi ni nzito mno, ukiwasha unaweza kuinjika chai ukarudi bado kale kaduara kanazunguka, Chrome ukiifungua inastaki, Word nayo inakuwa nyeupe tu halafu haiendi mbele wala nyuma.

C imekuwa nyekundu, imebaki kama GB 2 hivi, na mimi mafaili yangu ni ya oda tu madogo madogo sasa sielewi nafasi imeliwa na nini. Halafu flashi ya mtoto akitoka stationari kuprinti kazi za shule inarudi mafoda yote yamegeuka shotikati, sijui kama na hiyo inachangia.

Fundi wa mtaani kasema dawa ni moja tu, kupiga window upya. Naogopa. Mwaka jana fundi mwingine alipiga window na baada ya hapo picha za send-off ya mdogo wangu hatukuziona tena, na ndizo picha za mwisho mwisho za marehemu mama akiwa mzima anacheza. Nilivyomuuliza akasema zimeshaondoka. Sitaki tena mtu afute kitu humu ndani bila mimi kujua anafuta nini. Nielekezeni taratibu nitafuata, ila natumia bando la simu kwa hiyo vitu vya kudownload visiwe vikubwa.

kaka_diski

Pole sana dada na pole kwa msiba. Kwanza kabisa kabla ya yote leo usifute kitu chochote, hata kimoja, na fundi asiiguse. Nina sababu.

Mafundi wengi wakipiga window hawafomati C, wanaweka mpya juu ya ya zamani. Ukifanya hivyo Windows inachukua kila kitu cha zamani inakitupia kwenye foda moja linaitwa Windows.old, lipo palepale ndani ya C. Kwa kawaida ukipandisha toleo linafutwa lenyewe baada ya siku 10 lakini mashine nyingi za mtaani nimelikuta lipo miezi na miezi limekula nusu ya diski na mwenye mashine hana habari. Kwa hiyo hicho kinachojaza C yako kinaweza kuwa ndicho kilichobeba picha za mama. Sikuahidi, ila fungua This PC, ingia C, angalia kama hilo foda lipo.

Kuhusu uzito, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja itafunguka Task Manager. Kama ni kidirisha kidogo bonyeza More details chini. Utaona safu za CPU, Memory, Disk. Iache dakika mbili bila kugusa kitu uangalie ipi ina asilimia kubwa, kisha bonyeza juu ya neno Disk, programu inayokula diski zaidi itapanda juu kabisa. Halafu nenda Performance, bonyeza Disk 0, chini yake kuna maandishi madogo HDD (diski ya kuzunguka) au SSD (isiyozunguka, ya kasi zaidi). Niandikie hapa unaona nini.

Cha mwisho shusha WizTree, ni ndogo haimalizi bando. Ukiifungua chagua C bonyeza Scan, inakupangia mafoda kuanzia kubwa kwenda dogo. Hapo ndio tutajua nani mwizi, maana kufuta bila kuangalia kwanza ndiko kulikopoteza picha zenu.

Jembe_Halisi

Mnamchosha dada wa watu. Aweke CCleaner asafishe registry (kumbukumbu ya mipangilio ya Windows) na junk zote kwa pamoja, mimi naitumia tangu niko chuo. Na aongeze programu ya kuongeza spidi ya ram zipo nyingi za bure.

binti_tekno

@Jembe_Halisi kwa heshima zote kaka hapo sikubaliani na wewe. Registry kusafishwa hakuongezi spidi ambayo utaiona kwa macho, ila ikifutwa sehemu isiyotakiwa Windows inaweza isiwake kabisa, na Microsoft wenyewe wameandika wazi hawaungi mkono hizo programu za kusafisha registry. Na hiyo CCleaner unayoisema mwaka 2017 toleo la 5.33 lilitoka likiwa limepandikizwa vairasi na watu zaidi ya milioni 2 walilishusha, tena kutoka kwa wenyewe rasmi sio tovuti ya vichochoroni. Waliisafisha baadaye sawa, lakini kazi hiyo Windows inaifanya yenyewe bure, kwa nini ajiongezee mlango mwingine?

Hizo za kuongeza spidi ya ram ndio kabisa. Ram ni 4GB, programu haiwezi kukupa ram ambayo haipo, zaidi inaingia na yenyewe kula hiyo hiyo kidogo. Dada ukiona tangazo limeandika kompyuta yako ina matatizo 1,200 bonyeza hapa, usibonyeze, funga.

mama_wawili_moro

Jamani mikono inanitetemeka. Windows.old LIPO. WizTree inasema lina GB 96!! C yote ni 200. Ndani yake kuna foda linaitwa Users halafu jina langu la zamani, nikibonyeza inaniambia sina ruhusa, kuna kitufe cha Continue nimeogopa. Ndani yake tena kuna kitu kinaitwa MobileSync Backup kina GB 51, sijui ni nini.

Disk inasoma 100% muda wote hata nisipogusa kitu, CPU iko 8 au 12. Imeandikwa HDD.

kaka_diski

Alhamdulillah. Bonyeza Continue dada, hiyo haifuti kitu, inakupa tu ruhusa ya kuingia na inaweza kuchukua muda kwa sababu diski imechoka, isubiri. Ndani ya jina lako tafuta Pictures, Desktop, Documents na Downloads. Usiangalie Pictures peke yake, watu wengi picha za sherehe zinakaa Desktop kwenye foda lenye jina la mpiga picha au limeandikwa New folder.

Ukizipata usizikate, zikopi. Weka D, halafu kopi nyingine weka nje ya hiyo kompyuta kabisa, ekstano au flashi nzima au kwenye akaunti ya Google. D na C ni diski moja iliyogawanywa, ikifa zinakufa zote mbili. Ukishakopi fungua picha kadhaa kutoka kule ulikozihamishia uone zinafunguka kweli, na video uiruke mpaka katikati na mwisho. Ukiridhika ndio urudi hapa kwa habari ya kufuta.

MobileSync ni bakapu ya iPhone inayotengenezwa na iTunes. Kuna mtu aliwahi kuunganisha iPhone kwenye hiyo mashine?

mama_wawili_moro

Zipo. Zipo zoteee, zilikuwa Desktop kwenye foda la mpiga picha kama ulivyosema. Na video ya mama akiingia ukumbini na wenzake wa kikundi na vitenge vyao vya sare, nimeita watoto tumeangalia wote. Nimeshazikopi kwenye ekstano ya mdogo wangu na nyingine anazipandisha kwenye Google huko kazini kwao kuna waifai. Mungu akubariki sana kaka yangu sijui hata niseme nini.

iPhone ni ya shemeji, alikuja likizo kutoka Muscat alichomeka hapa akidai simu imejaa. Nimempigia anasema simu ile alishaiuza na picha zake anazo, nifute tu.

kaka_diski

Nimefurahi sana dada, kweli kabisa. Sasa tufute.

Windows.old usilifute kwa kubonyeza Delete, litakugomea katikati. Andika Disk Cleanup kwenye sehemu ya kutafutia, ifungue, chagua C, halafu bonyeza Clean up system files itahesabu tena. Kwenye orodha utaona Previous Windows installation, weka tiki hapo, weka na Temporary files, Recycle Bin, Windows Update Cleanup. Bakapu ya shemeji itaondoka humo humo. Kama kwenye orodha kuna Downloads TOA TIKI, na hata ukipitia Settings, Storage, Temporary files, hiyo Downloads ipo, watu wengi wanaweka tiki zote kwa pamoja halafu vyeti vya shule vinakwenda na takataka. Diski yako ni ya kuzunguka, kazi hii inaweza kuchukua hata saa nzima, iache imalize usizime.

Downloads ipitie mwenyewe kwa macho. Ipange kwa Size utaona sinema na mafaili ya kuinstolia programu yako juu, halafu ipange kwa Name utakuta risiti moja imeshushwa mara nne, ina (1) ina (2) ina (3), hizo bakiza moja.

Usiguse: foda la Windows lenyewe, Program Files, na ndani ya Windows kuna WinSxS na Installer utayaona makubwa yanakutamanisha, yaache. Bila Installer kesho hutaweza kuondoa wala kuapudeti baadhi ya programu. Kama kuna programu huitaki itoe kwa Settings, Apps, Uninstall, sio kufuta foda lake.

Baada ya hapo rudi Task Manager sehemu ya Startup, kila usichokihitaji kompyuta ikiwaka bonyeza Disable. Haifuti programu, inaizuia tu isijifungue yenyewe asubuhi. Antivairasi iache. Halafu risitati uone.

kipanga_msa

Salaam kutoka Mombasa. Dadangu hiyo ya flashi usiipuuze, mimi nina saiba hapa na kila siku naiona. Ni vairasi ya shotikati, mafaili ya mtoto hayajapotea, yamefichwa tu na badala yake imeweka shotikati zake, na ukibonyeza shotikati ndipo inaingia kwa mashine yako. Kwa hivyo ambia mtoto asibonyeze yoyote.

Fanya hivi, kwanza skani kompyuta na Windows Security, uende Virus and threat protection, Scan options, uchague Microsoft Defender Offline scan. Itazima iwake tena iskani kabla Windows haijaamka, kama robo saa hivi. Ikiwa safi ndio uchomeke flashi, uiskani, kisha uandike cmd pale kwa kutafutia, ufungue Command Prompt, na humo uandike hivi, kama flashi ni E:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Bonyeza Enter ungoje. Mafoda ya kweli yatarudi. Hapo futa zile shotikati, na ukiona faili la ajabu linaishia na .vbs au .js nalo ufute. Kopi kazi za mtoto, fomati hiyo flashi.

Na kuzuia, kazi ya kuprinti mtumie mwenye duka kwa imeli au WhatsApp badala ya flashi. Wateja wangu wengi siku hizi wanafanya hivyo, na mimi mwenyewe napendelea hivyo.

mama_wawili_moro

Nimefuata yote. C sasa ina GB 121 wazi na rangi imekuwa ya bluu. Skani ilikuta vitu viwili imeviondoa, flashi imepona. Kuwaka inawaka afadhali sana ila bado sio haraka, na Disk bado inapanda 100 dakika za mwanzo kisha inashuka. Ni kawaida?

binti_tekno

Kawaida kwa HDD na Windows 10 dada, hapo umefika mwisho wa kusafisha, kilichobaki ni chuma chenyewe. Diski ya kuzunguka ina sindano inayokimbia huku na huku kutafuta mafaili, Windows ikiamka inaomba mafaili maelfu kwa mpigo sindano inazidiwa. Ukipata hela weka SSD ya SATA hata ya 240GB. Kuliko ram, kuliko kununua mashine nyingine, anza na hiyo, utaona tofauti siku hiyo hiyo. Ya pili ndio ram ifike 8GB, ila toa ile iliyopo uende nayo dukani, maana kuna aina za ram, DDR3 na DDR4 haziingiliani na utauziwa isiyoingia.

Jingine, Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Haizimiki, lakini viraka vya usalama haipati tena mpaka ujiunge na ule mpango wa nyongeza, ESU, unaofika 13 Oktoba 2026. Angalia Settings, Update & Security, Windows Update kama wamekuletea sehemu ya kujiunga. Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa za karibuni, mtumba wako unaweza usikubali, na usikubali fundi akulazimishie. Kwa kazi za Word na intaneti unaweza kujaribu Linux Mint, mfumo wa bure wa kutumia badala ya Windows, kwenye flashi bila kuinstoli, ukiipenda ndio uweke.

mama_wawili_moro

Asante sana mdogo wangu. SSD nitaifanyia mpango oda za Desemba zikilipwa. Hiyo hadidiski ya zamani nikiitoa niitupe?

kaka_diski

Usiitupe na usimwachie fundi, ina kila kitu chenu humo. Akuwekee SSD ukiwa umekaa pale pale, na mwambie window mpya inakwenda kwenye SSD, hadidiski achomoe waya kabisa wakati wa kuinstoli ili asikosee kuifomati. Baadaye ichomeke tena ikae kama stoo ya picha na mafaili. Ila kabla ya kuiamini ipime na CrystalDiskInfo, programu ya kuangalia afya ya diski, ikiandika Good ya bluu itumie, ikiandika Caution ya njano hamisha kilichobaki mapema usiweke tena kitu cha maana humo. Na ile kopi ya mama iliyoko kwa mdogo wako ibaki huko huko.