Kuangalia ndege Bagamoyo, niende saa ngapi?

Wakuu, Januari nataka nishinde na darubini ufukweni Bagamoyo kuangalia ndege, jua la kaskazi kali, nianzie wapi?

— Mkuu saa ya ukutani achana nayo, fuata maji. Yakiwa yamekupwa ndege wametawanyika mbali kule kwenye matope unaona vidoti tu, ila yakianza kujaa yanawasukuma mpaka karibu yako. Kaole upande wa mikoko pazuri sana.

— Naongezea, Januari ndo yenyewe, sululu (ndege wa pwani mwenye mdomo mrefu uliopinda) na wenzake wameshuka toka Ulaya na Siberia, Aprili wengi washasepa. Mtafute yule mweupe mgongo mweusi mdomo mnene, mla kaa, huyo anataga kwenye mashimo mchangani huko Somalia na Ghuba ya Uajemi, anapendeza jamani!

— Tafadhali usiwakurupushe kisa picha, wanatunza mafuta ya mwilini kwa ajili ya safari.