Nasali kila nikipata Jumapili lakini kanisani hakuna anayenijua, naanzia wapi hapa Unguja?

mpishi_kwarara

Habari za humu wakuu. Mimi kijana wa bara, nimeletwa huku na kazi, niko jikoni kwenye hoteli moja Mji Mkongwe na nimepanga chumba Kwarara. Ni Mkatoliki. Jumapili nikiwa na shifti ya mchana nasali Minara Miwili misa ya asubuhi maana ni karibu na kazini, nikipangwa shifti ya asubuhi ndo basi tena mpaka wiki nyingine. Ishu yangu ni kwamba naingia, nakaa benchi la nyuma, misa ikiisha natoka, sijui mtu na hakuna anayenijua. Nyumbani nilikuwa kwaya toka mdogo, nimetumikia altareni, sasa huku najiona kama mtalii tu kaja kuangalia madirisha. Nataka kuwa mtu wa kanisa kweli. Niende kwa paroko moja kwa moja? Na nyie wa shifti mnafanyaje? Halafu mtaani kwangu nadhani Mkristo ni mimi peke yangu, sijaona mwingine.

MamaMapacha

Tumsifu Yesu Kristo mwanangu, karibu. Kwanza hiyo ya kwamba uko peke yako Kwarara iondoe kichwani, tumejaa tele, sema hatujabandika kibao mlangoni. Jumamosi alfajiri ukiona mama kajifunga kitenge ana rozari mkononi anatembea haraka haraka, mfuate huyo, anakwenda jumuiya, yaani kikundi cha Wakatoliki wa mtaa mmoja wanaosali pamoja.

Usianze kwa paroko, ana watu wengi na atakurudisha huku huku kwetu. Anza jumuiya ndogo ndogo. Kusali unaweza kusali popote, Minara Miwili, Machui, popote misa inapokukuta, lakini jumuiya ni pale unapolala. Misa ikiisha usikimbie, subiri kwenye matangazo wale wazee wanaosimama pale nje, uliza "mimi nakaa Kwarara, jumuiya ya huko nani mwenyekiti wake?" Utapewa namba ya simu hapo hapo. Ukifika jumuiya unajitambulisha, unaandikwa kwenye daftari, unapewa kadi ya zaka. Na piga simu parokia uliyotoka wakutumie barua ya utambulisho, hata picha ya barua kwa watsap siku hizi wanapokea kisha unaleta yenyewe baadae.

Watu wanadhani jumuiya ni ya akina mama na wazee. Kijana, kila kitu kinaanzia pale. Ukitaka kufunga ndoa, ukitaka kubatiza mtoto, ukiugua ukataka padri aje, ofisini utaulizwa "jumuiya gani?" na mwenyekiti ndiye anayesema namfahamu au simfahamu. Kuna kijana wa kazi za hoteli kama wewe alifariki hapa mtaani, tukapigiwa simu usiku, tukawa tunaulizana huyu wa wapi, anasali wapi, hakuna mwenye jibu, na kumbe Jumapili alikuwa anakuja misa vizuri tu! Wenzake wa kazini ndio wakahangaika na mwili mpaka botini, sisi tulikuja kusali kama wageni. Iliniuma sana ile.

mzee_wa_besi

Mama kamaliza, naongezea kidogo tu. Hii ya jumuiya haikuanza juzi, maaskofu wa AMECEA, yaani wa nchi zetu hizi za Afrika Mashariki, walikaa 1976 wakasema hizi jumuiya ndogo ndio ziwe msingi wa kazi ya uchungaji. Kwa hiyo anayekwambia ni mambo ya akina mama muulize yeye anajua nini.

Kuhusu kwaya na shifti, mie nafanya ulinzi, najua shida yake. Usiende kwa mwalimu wa kwaya ukasema "nitajitahidi kuja". Nenda na rota yako ya mwezi mkononi, umuoneshe siku gani upo na siku gani haupo. Walimu wa kwaya hawamchukii mtu wa shifti, wanamchukia anayepotea kimya kimya halafu anatokea siku ya Pasaka kavaa sare. Ukikosa mazoezi omba mtu akurekodie sauti yako kwenye simu, unaifanyia mazoezi huko jikoni huku unakata vitunguu. Kama nota unazisoma ndo kabisa, maana waimbaji wa besi na tenori huku ni shida kupata, soprano wamejaa.

Na mwezi wa Ramadhani ratiba zinabadilika, mazoezi ya jioni ama yanavunjwa mapema watu wawahi daladala ama yanahamia Jumapili baada ya misa. Ukikaa stendi karibu na magharibi utajua hujui, madereva na makonda wote wamekwenda kufuturu.

rasta_wa_amani

Mimi nitakuwa tofauti. Dogo ukae ukijua, ukishaandikwa kwenye daftari tu michango inaanza. Zaka, tegemeza, jengo, zawadi ya padri kahama, zawadi ya padri kaja, sare ya kwaya, harusi ya mwanakwaya, msiba wa mama mkwe wa katibu. Mshahara wa jikoni tunaujua. Mimi nilijiweka pembeni, naenda misa, natoa sadaka, narudi kwangu na Mungu ananijua.

MamaMapacha

Rasta wewe Mungu anakujua ila siku ukilazwa atatuma nani akuletee uji?

Si kwamba michango haipo, ipo na mingine hata mie inanichosha, hasa hii ya zawadi zawadi. Lakini hakuna anayekuja kukupokonya. Kwetu mtu akikwama anasema "mwezi huu sina" na inaandikwa hana, yamekwisha. Kijana ukiona jumuiya inawaaibisha watu kwa kusoma majina ya wasiotoa, mwambie mwenyekiti pembeni, na kama haoni shida peleka kwa paroko, hiyo sio utaratibu.

bi_mbweni

Mie ni Anglikana lakini niruhusuni nichangie. Huyu kijana anasema anajiona mtalii, na nnawasikia wengi kutoka bara wakisema hivo hivo, kama vile Ukristo hapa Unguja ni kitu cha wageni kilichoshuka na boti juzi. Sisi wengine bibi zetu wamezaliwa hapa hapa. Mbweni palikuwa kijiji cha misheni cha watu waliookolewa kwenye utumwa, ardhi ilinunuliwa 1871, na kanisa la Mtakatifu Yohana lipo mpaka leo na watu tunasali. Mkunazini nako jiwe la msingi la kanisa kuu letu liliwekwa Krismasi ya 1873, mwaka ule ule soko la watumwa lilipofungwa, pale pale sokoni. Askofu Steere aliyelijenga ndie huyo aliyekaa na watu wa Unguja akafasiri sehemu kubwa ya Biblia kwa Kiswahili chetu, na kazikwa humo humo nyuma ya altare. Wenyewe wanahadithia Steere alisafiri, mafundi wakazisimamisha zile nguzo za mwisho wa kanisa kichwa chini miguu juu, akarudi akaziacha hivo hivo. Nenda kazitizame, zipo.

Sasa la kufanya. Kwetu anaeanza hatumpi cheo, tunampa ufagio. Jumamosi kuna usafi, mabenchi yanafutwa, shaba zinasuguliwa, maua yanapangwa, na watu wanaokuja ni wale wale kila wiki tena wengi watu wazima tunaumwa magoti. Kijana akitokea pale mara moja, jina lake linajulikana kabla ya adhuhuri. Nna hakika hata Minara Miwili ni vivo hivo. Benchini watu wote wanatazama mbele, nani atakujua? Kwenye ndoo ya maji mnatazamana.

mpishi_kwarara

Daah asanteni sana sikutegemea majibu kama haya. @bi_mbweni nimekuelewa shikamoo. Swali, hiyo jumuiya si inazunguka nyumba kwa nyumba? Mimi nimepanga chumba kimoja, nyumba ina uwanja wa pamoja na wapangaji wengine wote Waislamu na mwenye nyumba anaishi mbele. Zamu yangu ikifika nafanyaje? Sitaki kuonekana naleta fujo.

jirani_mwema_Fuoni

Yakhe mie Muislamu, nnajibu kwa sababu jirani yangu ukuta kwa ukuta ni mtu wa jumuiya. Muambie mwenye nyumba mapema, siku kama mbili kabla, "Jumamosi asubuhi nna wageni kumi hivi tunasali kwa muda wa saa moja halafu wanaondoka". Ndo hivo tu. Kinachokera watu si sala, ni kushtukizwa, umelala unaona viatu kumi na tano mlangoni hujui kuna msiba ama kuna nini. Jirani yangu yeye akija kutuambia na viti anaazima kwangu. Ngoma na spika ndio usitie hapo uwanjani, saa kumi na mbili asubuhi hata maulidi tungelalamika.

Na Ramadhani usiwakaangie maandazi uwanjani asubuhi baada ya sala. Kunywa chai ndani.

MamaMapacha

Hahaha jirani umesema kweli. Kijana na ukiona haiwezekani kabisa, zamu yako tunasalia kwa mwingine, wewe unaleta sukari tu. Wapangaji wengi wanafanya hivyo, hakuna anayeuliza.

mwalimu_Wete

Nyie wa Unguja mna raha ya kuchagua. Mimi nimehamishiwa Pemba kikazi, huku Wete tupo wachache mno, wengi ni askari, walimu, manesi, watu wa bara ambao uhamisho ukija wanaondoka. Kwa hiyo huku hakuna kukaa benchi la nyuma, kwanza mabenchi yenyewe yako mangapi. Jumapili yangu ya pili tu nilishapewa kusoma somo, ya tatu nikaulizwa kama naweza kuwafundisha watoto wa komunyo ya kwanza maana aliyekuwa anawafundisha kahamishwa. Padri akiwa safari katekista anaongoza ibada, na katekista akiumwa tunatazamana usoni kisha mmoja anasimama.

Kitu nilichokipenda huku ni kwamba madhehebu hatubanani. Kukiwa na harusi au msiba utakuta Mkatoliki, Mwanglikana na wale Marafiki wa Chake, wenyewe Waquaker ambao misheni yao ipo Pemba toka miaka ya kufutwa utumwa, wote wamo kwenye sufuria moja. Kwaya ikipungukiwa tunaazimana.

Nakushauri na jambo moja, wewe ni mpishi. Usifiche! Kila parokia ina sikukuu ya somo wake (mtakatifu wa parokia), kipaimara, mavuno, na kila mwaka pilau inaungua kwa sababu inapikwa na watu hamsini wanaoshauriana.

mzee_wa_besi

Hapo kwenye upishi namuonya. Ukisema tu wewe mpishi wa hoteli kwaya hutaiona tena, utakuwa jikoni kila sikukuu huku wenzako wanaimba, na misa utaisikia dirishani. Jiandikishe kwaya kwanza, utambulike kwaya, halafu upishi ukubali kwa mwaka mara moja au mbili na useme hivyo mbele ya watu. Mambo ya kanisa ukikubali mara tatu mfululizo inakuwa wadhifa.

Kama kwaya ikigoma kwa sababu ya shifti ipo VIWAWA, ni vijana wafanyakazi kwa hiyo shifti wanazielewa. Pia Legio Maria, wao wanakwenda wawili wawili kutembelea wagonjwa, na kutoka Minara Miwili mpaka hospitali ya Mnazi Mmoja ni mwendo wa miguu, mtu wa shifti ya jioni anaweza kabisa asubuhi.

mpishi_kwarara

Nimepata picha. Jumapili hii nipo shifti ya mchana, nitabaki kwenye matangazo niulize jumuiya ya Kwarara, barua nimeshampigia katibu wa kule nyumbani kasema anaitafutia muhuri. Kwaya nitaenda na rota. Ila jamani sare ya kwaya ni lazima kununua mwanzo kabisa?

mzee_wa_besi

Sio mwanzo. Unaimba kwanza na nguo zako miezi miwili mitatu wakuone kama unadumu. Baadae lazima, ila fundi tunaemtumia anakubali nusu nusu.

rasta_wa_amani

Michango hiyo imeshaanza 😂