Hedhi inapitiliza hadi siku 60, ndevu kidevuni, kaambiwa "mvurugiko wa homoni". Tuanzie wapi?

Kaka_wa_Kihonda:
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kwa ajili ya mdogo wangu wa kike, miaka 26, hajazaa. Hedhi inakuja baada ya siku 45, mara nyingine 60 na kitu, na ikija inatoka nyingi. Ana chunusi za taya na nywele nene kidevuni. Kilo 81, urefu sentimita 160. Majibu: TSH (kipimo cha thairoidi, tezi ya shingoni) 2.1, prolaktini (homoni ya maziwa) 38 (mwisho wa kawaida wa maabara ile ni 25), LH 12, FSH 5 (homoni za kupevusha yai). Altrasaundi imeandika ovari zina vifuko vidogo vingi. Anatumia vidonge vya nywele na kucha, na Plasil kwa kichefuchefu. Sasa anauziwa dozi ya "kusafisha kizazi" ya miezi mitatu. Tununue?

Pima Kwanza:
Msinunue. "Mvurugiko wa homoni" ni sawa na fundi kukwambia gari bovu bila kutaja kifaa. Hapo dalili zinaelekea PCOS, yaani tatizo la homoni linalofanya ovari ziwe na vifuko vingi. Vigezo vya Rotterdam vya 2003 vinataka viwili kati ya vitatu: hedhi isiyo na mpangilio, dalili au kipimo cha homoni za kiume kuzidi, na ovari zenye vifuko vingi. Viwili vya kwanza anavyo hata bila altrasaundi. Vifuko hivyo ni mayai yaliyoishia njiani, si uvimbe wa kupasuliwa.

Ila jina la PCOS halitolewi kabla ya kuondoa vinavyofanana nayo: mimba (apime hata kama anasema haiwezekani), thairoidi, prolaktini, na hitilafu ya tezi za juu ya figo, kwa kipimo cha damu kiitwacho 17-OHP.

Maabara_Zamu:
Mkuu, damu ilichukuliwa saa ngapi? Na vile vidonge vya nywele vina biotini (vitamini B7)?

Kaka_wa_Kihonda:
Saa saba mchana, katoka mbio kwenye daladala. Biotini ipo, 5000 mcg. Kuna mtu kasema aanze kabagolini, dawa ya kushusha prolaktini.

Maabara_Zamu:
Asianze. Prolaktini inapanda kwa mshtuko, kwa usingizi, kwa kuminya matiti, na Plasil yenyewe inaipandisha sana. Daktari akikubali, aache Plasil siku 3, arudie asubuhi, angalau saa 2 baada ya kuamka, akae ametulia nusu saa kabla ya sindano. Biotini nayo aache siku 3 na awaambie maabara: kwa mashine nyingi inashusha TSH kwa uongo, kwa hiyo hiyo 2.1 irudiwe pia. Prolaktini ikivuka 100, au maziwa yakitoka, au kichwa kikiuma na macho yasione vizuri pembeni, hapo ni MRI ya kichwa.

LH kuizidi FSH hakuthibitishi PCOS. Zinasomeka siku ya 2 hadi ya 5 ya hedhi. Zikipimwa katikati ya mzunguko hazisemi kitu. Ongezeni testosteroni, na sukari kwa kunywa glukosi gramu 75 kisha kupima baada ya saa 2, maana sukari ya asubuhi peke yake inakosa wengi.

Duka la Dawa Moro:
PCOS ikithibitika, jambo la haraka ni ukuta wa ndani wa kizazi. Usipomomonyoka kwa zaidi ya miezi 3 unajijenga kupita kiasi, ndiyo maana ikija inakuja nyingi, na baada ya miaka inaweza kuwa saratani. Kwa asiyetaka vidonge vya uzazi wa mpango: vidonge vya medroksiprojesteroni (homoni ya kuleta hedhi) 10 mg kila siku kwa siku 10 hadi 14, kila baada ya mwezi 1 hadi 3. Hii si sindano ya uzazi wa mpango ya Depo, ambayo mara nyingi inasimamisha hedhi kabisa.

Kwa chunusi na ndevu, vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili ndivyo vya kwanza, baada ya kupima presha na kuuliza kuhusu kuganda kwa damu na kipandauso chenye kuona mwanga. Nywele zinahitaji miezi 6 kuonyesha tofauti. Wengi wanaacha mwezi wa pili. Metfomini (dawa ya kisukari inayotumika pia kwa PCOS): 500 mg na chakula cha jioni wiki ya kwanza, kisha iongezwe taratibu hadi 1500 au 2000 kwa siku, figo zikiwa zimepimwa. Anayeanza na dozi kubwa anaharisha, halafu anasema dawa imemkataa.

Akitaka mtoto, mpango unabadilika: letrozoli (dawa ya kupevusha yai) 2.5 mg siku ya 3 hadi ya 7 ya hedhi, chini ya usimamizi wa daktari.

Pima Kwanza:
Na uzito: kupunguza 5% tu, yaani kilo 4 kwake, mara nyingi kunatosha kurudisha upevukaji wa yai. Soda na sukari ya chai vitangulie kuondoka, kabla hamjagombana na ugali.

Sauti ikiwa nzito, au nywele zikaota kwa kasi ndani ya miezi michache, aende haraka, maana huenda ni uvimbe wa ovari au wa tezi za juu ya figo. Na kama anapaka mkorogo, amwambie daktari; steroidi za humo zinaleta uso wa duara na kuvuruga hedhi.

Kaka_wa_Kihonda:
Asanteni sana. Akimaliza hizo siku 10 za vidonge na damu isitoke?

Duka la Dawa Moro:
Kwa kawaida inatoka ndani ya wiki 2. Isipotoka, arudie kipimo cha mimba kwanza, ndipo arudi kwa daktari kuangalia kama estrojeni iko chini au kizazi kina makovu.