Video za YouTube zinakwamakwama baada ya kuweka kadi ya grafiki ya GT 710: naomba ushauri

Hamjambo wanakikundi. Nina kompyuta ya mtumba ya Luthuli, Nairobi: Core i3-4130, RAM GB 8, Windows 10. Nimeichomekea kadi ya GT 710 ya GB 2 ili nipate skrini ya pili. Tangu hapo, video za YouTube za 1080p fremu 60 zinakwama, sauti ikiendelea vizuri, na prosesa inapanda hadi asilimia 80 hivi. Faili za H.264 (mfumo mmoja wa kubana video) kwenye kicheza video cha VLC hazina shida hata kidogo.

Nimefuta draiva kwa DDU, programu ya kuondoa draiva za grafiki, nikiwa safe mode, nikaweka upya toleo la 470. Kebo zote mbili ziko kwenye kadi, si kwenye madabodi. Umeme siushuku, kadi yenyewe hula wati 19 tu. Ukibofya video kulia ukafungua takwimu zake, kodeki (mfumo wa kubana video) inasoma vp09, yaani VP9, na fremu zilizodondoka zinaongezeka. GT 710 haifungui VP9 kwa maunzi, yaani kwa chipu yake yenyewe, kwa hiyo mzigo wote unamwangukia prosesa maskini.

Sasa, nikiwasha grafiki ya ndani ya prosesa kwenye BIOS (mipangilio ya kompyuta kabla Windows haijawaka), kivinjari kinaweza kuitumia kufungua video huku skrini zikibaki kwenye kadi, au lazima skrini moja irudi kwenye madabodi? Na aliyetumia h264ify, kiendelezi cha kivinjari kinachoifanya YouTube itume H.264 badala ya VP9, je, inatosha? Najua itaniwekea kikomo cha 1080p, na hilo halinisumbui. Kununua kadi nyingine, GT 1030, ningependa kuwe chaguo la mwisho.