UZI WA HASIRA: Huu mmea unaotembea nani aliupitisha?

Wakuu, salamu baadaye, kwanza nitapike nyongo.

Kuna gemu moja ya kuruka majukwaa nipo nayo siku hizi. Jina nalihifadhi, sitaki kuipigia debe bure, na mashabiki wake nawajua walivyo. Michoro safi, muziki mtamu, kuruka kwenyewe kunatii kidole kabisa. Halafu unaingia leveli ya bwawa, unakutana na ule mmea wenye miguu. Mliofika hapo mmeshajua ninachosema.

Mimi sina ugomvi na mimea inayong'ata. Gemu ya Super Mario Bros. ya 1985 inakuletea wa kwanza mapema tu, leveli ya pili, na ule mmea ulikuwa na adabu zake. Unachomoza kwenye bomba, unakaa kidogo, unazama. Ukisimama juu ya bomba au ukajibanza ubavuni mwake, hautoki ng'o. Hakuna maandishi yanayokueleza hivyo. Unasimama pale kwa woga, unaona kimya, basi umeshaelewa, na kuanzia hapo kila bomba unalijua namna ya kulipita. Mwaka 1986 Wajapani wakapata ile iliyofuata, ile ngumu ya kuudhi, nayo ina mimea myekundu ambayo kujibanza ubavuni hakukusaidii kitu, inatoka tu. Ukatili mtupu. Lakini waliipaka rangi nyekundu! Sheria imebadilika, na rangi imebadilika uone.

Na asije mtu kuniambia tatizo langu ni mmea kuwa na miguu. Super Mario Bros. 3 ya 1988 ina mimea inayotembea. Kwenye ile dunia ya saba, iliyojaa mabomba, kuna unaokuja huku unapuliza mpira wa miiba hewani, mpira unapanda unashuka juu ya mdomo wake. Ule mpira unauona mapema, unajua kabisa kinachokuja ni nini, unahesabu ukishuka upite vipi. Mwaka huohuo wa 1988 Super Mario Bros. 2 ikaleta dungusi linalotembea, vipande vimepangana kama vyungu, ukilitupia kitu kipande kinatoka na lenyewe linafupika. Uliona ulichofanya na umelipwa kwa ulichofanya. Hata mwanzoni mwa 2019 walipouingiza ule mmea wa bomba kwenye gemu ya mapigano ya Super Smash Bros. Ultimate kama mpiganaji kamili, unatembea na chungu chake miguuni, watu tulicheka weee, lakini hakuna aliyesema ameonewa. Unauona unakuja!

Sasa njooni kwa huyu wangu wa bwawani.

Kwanza, umechorwa kwa kijani kilekile cha majani ya mapambo yaliyo nyuma. Kilekile. Leveli nzima ina vichaka vya urembo ambavyo unapita mbele yake bila kitu, halafu kimoja kati ya hivyo kina meno. Wewe ukiwa chini, mmea haujongei. Unaanza kutembea wewe ukiwa HEWANI, yaani wakati ambao umeshabonyeza na huna la kubadilisha. Umepima ruka yako vizuri, unatua pale ulipopaona patupu, mmea nao umesogea hatua mbili umekusubiri papo hapo. Kufa. Rudi mwanzo wa bwawa.

Mkasema basi tuukanyage. Una kichwa kipana, bapa, kama kilivyo cha kila adui anayekanyagika kwenye gemu hii tangu leveli ya kwanza. Ukikanyaga unaumia wewe. Hauna mwiba, hauna moto, hauna chochote cha kukuambia usikanyage. Mtengenezaji amekufundisha leveli zote zilizopita kwamba kichwa bapa ni ngazi, halafu akakugeuka.

Na eneo lake la kugusa ni uongo. Nilirekodi nikaangalia picha moja moja. Jani la kulia linaishia mahali, kiatu cha mhusika wangu kiko mbali nalo, katikati unaona kabisa maji ya bwawa yanang'aa, na tayari nimehesabiwa nimeguswa. Kama ule mwanya mnauona na nyie basi si macho yangu.

Kuna kingine ambacho ndicho kilichonifanya nifungue uzi. Ukifanikiwa kuuruka, ukasonga mbele, kisha ukarudi nyuma kidogo tu kuchukua ufunguo uliopo juu ya gogo, mmea umeota upya. Sawa, gemu nyingi za zamani adui hurudi ukimtoa kwenye skrini. Lakini huu haurudi pale ulipokuwa. Unarudi karibu na ulipo WEWE. Kuna wakati umeota juu ya bendera ya kuhifadhi, nikifufuka nafufukia mdomoni.

Aisee, hata mmea halisi una ustaarabu. Ule unaonasa nzi, wa huko Carolina, Marekani, una vinyweleo ndani ya mtego, na kwa kawaida haujifungi mpaka viguswe mara mbili ndani ya kama sekunde 20. Nzi anapewa nafasi ya kujiongeza. Mimi mwenye padi mkononi sipewi.

Najua wanaokuja. "Jifunze kucheza." Ndugu, bosi wa mwisho wa dunia ya kwanza kanipiga mpaka nikachoka na sikufungua uzi, kwa sababu kila aliponiua nilijua kwa nini. Wengine mtasema ni mtego, mitego ni sehemu ya gemu. Mtego una alama. Vumbi linadondoka, ubao umepinda, kitu fulani. Nyie nionyesheni alama ya huu mmea hata moja nifute uzi.

Apdeti imetoka juzi. Nikasema afadhali, wamesikia, maana malalamiko yalikuwa mengi. Nikasoma orodha ya marekebisho: wamebadilisha rangi ya kofia ya muuza duka. Mmea haujaguswa.

Ninachotaka si kikubwa. Utikisike kabla ya kunyanyuka. Au upige kishindo, muziki upungue kidogo tusikie miguu. Au upakwe rangi nyingine na uwe mkali utakavyo, sitalalamika tena.

Wakati huo, kama kuna mkuu ameuchukua ule ufunguo wa kwenye gogo bila kuliwa, atuwekee video hapa. Na kamera ioneshe vidole kwenye padi, maana za kukatakata tumeshaziona.