Naanza jimu, nguo zinanitia wasiwasi: mwanamke mnene anayejistiri avae nini? (Unguja)

Bint Kikwajuni (mwenye uzi)

Assalamu alaykum, wanajukwaa.

Mie ni mwalimu wa skuli, nimeshapita thalathini, nna watoto watatu, na tumbo la huyu wa mwisho bado ninalo ingawa mwenyewe yuko darasa la pili. Daktari kaniambia presha imeanza kupanda, nifanye mazoezi. Basi nimejiandikisha jimu moja huku Ng'ambo. Wana saa za wanawake peke yao asubuhi, lakini asubuhi mie nipo na chaki mkononi, kwa hiyo nitakwenda jioni, wake kwa waume.

Kinachonikwamisha ni nguo. Kabatini nna madira, mabaibui, suruali mbili za kulalia na fulana za kampeni za vyama vyote (msiniulize). Juzi nilipita kuchungulia, nikawaona wasichana wamevaa taiti na vifulana vinavyoishia kitovuni, kila mmoja na kioo chake. Siwasemi vibaya, wamependeza. Lakini mie siwezi kuvaa vile, na nikienda na dira nahisi nitaonekana nimealikwa arusi nikapotea njia.

Nataka nguo inayonistiri, isiyonichemsha, na ambayo sitakaa naivutavuta mbele za watu. Nnunue nini kwanza? Pesa zenyewe si nyingi. Raba ninazo.

Kipepeo wa Jang'ombe

Waalaykum salaam shoga. Vaa ulichonacho uende. Wale wanaojitazama kwenye kioo hawana habari na wewe, wanahesabu misuli yao. Wiki mbili tu utakuwa mwenyeji.

Babu Raba

Mwanangu, nyie mnajitia hofu bure. Kila tarehe 1 Januari, siku ya mazoezi ya viungo, akinamama wa vikundi wanapita barabarani na traksuti zao na mitandio, wengine wazito kuliko wewe, na watu wanawapigia makofi. Nenda hata Maisara jioni ukatazame. Chagua traksuti, maliza.

Bint Kikwajuni (mwenye uzi)

Shikamoo babu. Kikundini watu wote wamevaa sare moja, umejificha ndani ya wenzio. Jimu unakuwa peke yako na mashine. Na traksuti kwa joto hili la kaskazi si nitaiva?

Kocha Mwanakwerekwe

Dada, mie nafundisha wanawake mazoezi, kwa hiyo nitaandika kirefu, mnivumilie.

Pesa ya kwanza iende kwenye sidiria ya michezo, kabla ya kitu chochote kinachoonekana. Kwa mama aliyenyonyesha watoto watatu, raha ya mazoezi inaanzia hapo. Ukivaa ile ya kila siku yenye waya na kamba nyembamba, kifua kitakuuma, na utafanya mazoezi mikono umeikunja mbele kwa aibu. Nimewaona wengi hivyo, unadhani wanaogopa watu kumbe wanazuia kifua. Ya michezo inabeba kwa ule mkanda wa chini zaidi kuliko kamba za mabegani. Mkanda uwe umekamata, lakini vidole viwili viingie. Nyanyua mikono juu: ukipanda mgongoni, saizi kubwa hiyo. Rukaruka hapohapo chumba cha kujaribia, usimuonee haya muuzaji.

Pili, kitambaa. Watu watakwambia pamba, pamba, pamba. Pamba ni nzuri ukiwa umekaa barazani. Hewa yetu ina unyevu mwingi, jasho halikauki upesi, na pamba tupu inalinywa jasho lote inabaki nalo. Inakuwa nzito, halafu inaganda mwilini. Wewe unayetaka kujistiri ndiyo uiogope zaidi, maana fulana pana ya pamba ikilowa inachora kila kitu ulichokuwa unakificha. Tafuta poliesta nyepesi ya kimichezo, ile ya jezi yenye vitundu vidogovidogo. Haishiki maji, inakauka ukiwa bado unapumua juujuu. Soma lebo ya ndani. Kwa suruali, poliesta au nailoni iliyochanganywa na spandeksi kidogo, ndiyo inayovutika ikarudi.

Rangi: nyeusi, buluu ya kiza, zambarau iliyokolea, au yenye maua. Kijivu hafifu ikimbie, tone moja la jasho linaonekana mpaka Bububu.

Tatu, dira usilete kabisa, na hapa sisemi kwa ajili ya kupendeza. Pindo refu likinaswa na mkanda wa mashine ya kukimbia, au pedeli ya baiskeli, linakuvuta chini. Baibui vile vile: njoo nalo, livue, litundike, ulivae ukirudi. Wanawake wengi wanafanya hivyo, hutokuwa kioja.

Raba zako ni za namna gani? Za kukimbilia zenye soli nene laini zinafaa kwenye mashine ya kukimbia, lakini ukianza skwati (kuchuchumaa na kunyanyuka) na chuma utayumba. Soli bapa ngumu ndiyo nzuri kwa kubeba vyuma. Kwa mwezi wa kwanza usinunue nyingine, nataka ujue tu kwa nini unapepesuka.

Mama Ukwaju

Naongezea: vaa ule mkanda mpana wa tumbo, ndani yake zungusha nailoni ile ya jikoni. Jasho linatoka kama bomba, tumbo linakwisha. Dada yangu kapungua hivyo.

Kocha Mwanakwerekwe

Mama Ukwaju, kwa heshima zote, hapana. Kinachotoka pale ni maji, na ukinywa gilasi mbili za maji mizani inarudi ilipokuwa. Na huyu mwenzetu kasema ana presha. Kumfungia mwili usipoe, kwenye chumba cha moto, ni kumtafutia kizunguzungu aanguke na vyuma. Bint Kikwajuni, mkanda na nailoni usivitie.

Na kwa kuwa presha imetajwa: kiuno cha nguo kisikubane mpaka ukapumua kwa shida, na usizuie pumzi unaponyanyua. Mwambie mwalimu wako wa pale hali yako kabla hujashika chochote.

Mama Ukwaju

Haya, nimesikia. Ila kapungua kweli.

Kipepeo wa Jang'ombe

Kapungua kwa sababu alikuwa anakwenda jimu, shoga 😂

Bint Kikwajuni (mwenye uzi)

Kocha, Mungu akulipe. Sidiria sikuifikiria hata kidogo. Sasa nieleze: taiti zangu zote (za kuvaa ndani ya baibui) nikiinama zinateremka, na tumbo linabaki nje linapunga upepo. Na kwa juu nivae nini kirefu ambacho si dira? Na shungi je? Nikivaa mtandio wa kawaida nikilala kwenye benchi si utanifunika uso?

Ushungi Michezoni

Swali la shungi niachie mie, nacheza netiboli. Mtandio mrefu wa kufunga na pini sahau. Pini ikifunguka ukiwa umelala na dambeli (kile chuma cha kushika mkononi) juu ya kifua utaikumbuka siku nyingi. Chukua hijabu ya kuvaa kichwani moja kwa moja, isiyo na pini. Nike walitoa yao ya michezo 2017, na tangu hapo mkato ule umeigwa na kila mtu; mie ya kwangu nimeipata Mlandege kwa muuza mabaibui wa kawaida tu, haina jina wala nembo. Angalia mambo mawili: kitambaa kiwe chepesi cha jezi, na ncha ya mbele iwe ndefu ya kutosha kuchomekwa ndani ya shingo ya fulana. Ukiichomeka haipandi usoni hata ukilala kichwa chini.

Nywele zifunge chini, usawa wa shingo. Ukifunga juu benchi litakusukuma kichwa.

Na uwe nazo mbili. Hijabu yenye jasho la jana inawasha.

Cherehani ya Michenzani

Dada, mie fundi wa nguo. Taiti inayoteremka mara nyingi imekatwa kiuno kifupi, na lastiki ni ule uzi mwembamba ulioingizwa kwenye pindo. Tafuta yenye kiuno kipana kinachofika juu ya kitovu, kitambaa kimekunjwa mara mbili. Hata usipoipata, yako niletee, nitaunganisha kiuno kipya juu. Halafu geuza taiti ndani nje, tazama pale mishono ya miguu inapokutana. Ikiwa mishono minne imekutana kwenye nukta moja, hapo itakusugua na ndipo itakapochanika. Iliyoshonwa vizuri imetiwa kipande cha kitambaa chenye umbo la almasi, kama vile kanzu inavyotiwa kikwapa ili mkono unyanyuke. Kazi ni ile ile.

Kwa juu, nakushauri ushone. Fulana za dukani zilizo ndefu ni za wanaume, zinabana nyonga na kuning'inia mabegani. Shona kanzu fupi ya kitambaa cha jezi, iishie katikati ya paja, na mpasuo pande zote mbili kuanzia nyonga. Mpasuo ndiyo siri yenyewe: bila huo, ukichuchumaa pindo linapanda mpaka kiunoni na utarudi kulivuta. Mikono mirefu yenye kibano kwenye kifundo cha mkono, isikuangukie kwenye vyuma.

Mwambie fundi wako, yeyote yule, ashone kwa zigizaga na atie sindano ya vitambaa vinavyovutika. Uzi wa mshono wa moja kwa moja hauvutiki. Kitambaa kikivutika uzi unakatika, *pa*, nawe umeinama.

Yakhe wa Chake

Nyie wa Unguja mna mambo. Huku Chake mke wangu anatembea kila alfajiri mpaka Gombani na kurudi, suruali ya pamba, fulana ya pamba, mtandio, kwisha. Kapungua na presha imetulia.

Kocha Mwanakwerekwe

Kaka, kwa kutembea alfajiri na upepo, pamba haina neno, na mkeo mpe hongera zangu. Nilichosema ni cha ndani ya jimu, feni mbili na watu ishirini.

Muuza Mtumba

Hakuna aliyezungumzia mtumba na dada kasema pesa si nyingi. Nguo za mazoezi za mtumba ni nzuri sana kuliko hizo mpya za bei rahisi, ila ujue kuchagua. Shika taiti kwa mikono miwili, ivute, iachie. Ikirudi upesi, hai. Ikibaki na mawimbi kama utumbo, au ukiona vijinyuzi vyeupe vimechomoza kwenye kiuno, spandeksi imekufa hiyo, hata wakupe bure usichukue. Halafu tia mkono ndani, utanue vidole, inyanyue juani. Ukiona kucha zako, na watu wataona vyako.

Nyumbani irudie kwa mwili: taa ya nyuma iwake, chuchumaa mpaka chini, na mtu unayemwamini akutazame kwa nyuma. Mume anafaa, lakini wengine watasema ndiyo tu ili mtoke.

Sidiria mtumba usinunue. Nauza mie mwenyewe na nakwambia: mkanda ukishachoka haubebi tena.

Kipepeo wa Jang'ombe

Muuza Mtumba kasema kweli mpaka kajiharibia biashara. Ufuaji pia: geuza ndani nje, maji ya baridi, sabuni kidogo, na zile dawa za kulainisha nguo usitie, zinaacha utando jasho likashindwa kupita. Anika kivulini. Jua letu linaua lastiki. Poliesta ikishika harufu ya kwapa, roweka kwenye maji yenye siki nyeupe kabla ya kufua. Na usiiache kwenye mkoba usiku kucha, tafadhali, majirani wamekosa nini?

Ushungi Michezoni

Mapaja yakisuguana paka vaselini kabla, au vaa bukta ndefu ya kubana ndani ya suruali pana. Ukitaka suruali pana, basi iwe yenye kibano kifundoni.

Bint Kikwajuni (mwenye uzi)

Ahsanteni jamani. Nimekwenda Darajani leo baada ya skuli. Nimepata sidiria mpya, nimeruka ndani ya kibanda mpaka yule kijana wa duka kauliza kuna usalama. Taiti ya mtumba yenye kiuno cha juu nimepata pia, nimeiangalia juani, kucha sikuziona. Hijabu ya kuchomeka nitaifuata Mlandege Jumamosi. Dira limebaki nyumbani.

Ila swali la kijinga: nikifika nianzie wapi kusimama? Mbele ya kile kioo sitaki.

Kocha Mwanakwerekwe

Si la kijinga. Anzia mashine ya kukimbia ya pembeni, tembea dakika kumi, utazame watu wanaingiaje na wanatokaje. Siku za mwanzo omba kufundishwa kwenye kona yenye ukuta nyuma yako, mwalimu yeyote mzuri ataelewa bila ya kukuhoji. Akitokea mtu wa kukukodolea macho, usihame mashine wewe, mwambie msimamizi. Kioo utakihitaji baadaye, kutazama mgongo wako kama umenyooka.

Bint Kikwajuni (mwenye uzi)

Sawa kocha. Fundi wa Michenzani, kitambaa cha kanzu fupi nichukue mita ngapi? Nyonga zangu 120.

Cherehani ya Michenzani

Kikiwa na upana wa sentimita 150, mita 2 zinatosha kanzu na mikono, na kitabaki kidogo cha kiuno cha ile taiti. Ukitaka na suruali pana, niambie kabla hujanunua, maana kitahitajika zaidi. Muulize muuzaji kama kina pamba ndani. Kikiwa nayo, kifue kwanza ukianike ndipo ulete, kisije kikasinyaa kikishashonwa. Uje na raba umevaa, nipime urefu wa suruali.